Hapa Pana Mtu?

Verena alijibu bila kuinua kichwa, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote.

Alikuwa amepiga magoti kando ya njia ya baiskeli, chini ya ngome iliyobomoka ya Falkenöd, akihangaika na pini inayoshikilia tela la mtoto nyuma ya baiskeli yake. Pini ilikuwa imelegea tangu walipotoka kwenye mashamba ya mizabibu, na ukungu wa Oktoba ulikuwa umepanda kutoka Mto Danubi hadi vidole vyake vikafa ganzi. Ndani ya tela, nyuma ya plastiki ya kukinga mvua, mwanawe Kilian wa miaka minne alikuwa akijiimbia. Ndipo sauti ndogo ikauliza, karibu kabisa na sikio lake: "Hapa pana mtu?"

"Hapana mtu, kaa tu," alisema Verena.

Hata wewe, ungekuwa umezaliwa kwenye bonde lile, ungejibu hivyohivyo. Katika vilabu vya divai vya huko meza ni ndefu na mabenchi ni ya wote. Mtu haketi kabla ya kuuliza, na aliyetangulia hamkatalii mwenzake labda awe anamngoja mtu wake. Swali linaulizwa, jibu linatolewa mdomo ukiwa umejaa mkate na mafuta ya nguruwe, wala hakuna anayemtazama mwingine usoni. Watoto wanalijua jibu hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Verena akainua kichwa. Hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa nyeupe na tupu huku na huku. Magari hayafiki pale, na ndiyo sababu watu wanaipenda njia ile, lakini wakati huo angeshukuru kusikia hata lori bovu likikohoa. Juu yake ukuta mmoja wa ngome ulikuwa umejitokeza kwenye ukungu, na dirisha lake halina kitu ndani.

"Kilian, umeniuliza kitu?"

"Si mimi," alisema mtoto.

Kisha springi za tela zikabonyea upande wa kushoto, taratibu, namna anavyoketi mtu mwenye adabu zake.

Tela lile lilikuwa na viti viwili. Walilinunua majira ya baridi yaliyopita, Verena akiwa na tumbo kubwa na furaha kubwa kuliko tumbo. Mwezi Machi, majuma machache kabla ya siku zake za kujifungua, mtoto akafia tumboni. Akazaliwa msichana, kimya, nywele nyeusi. Walimwita Ottilie, wakamzika, na tangu siku hiyo jina lile halikutamkwa tena nyumbani kwao, kwa sababu Verena alikataza. Mumewe, Gernot, alitaka wabadilishe tela wachukue la kiti kimoja. Verena akasema ya nini, kiti ni kiti, kikae tu. Kiangazi kizima alikuwa akilivuta likiwa limelalia upande wa kulia kwa uzito wa Kilian, na watu wakimuuliza kile kiti kingine ni cha nani, alijibu kwamba si cha mtu.

Sasa alipanda, akakanyaga pedali, na tela likamfuata sawasawa. Halikuyumba wala halikuvuta pembeni. Lilikuwa zito, uzito wa watoto wawili, na miguu yake iliujua uzito ule kabla ya kichwa chake. Asisingiziwe woga tu: alifurahi. Alifurahi mpaka akaona aibu.

Nyuma yake Kilian alikuwa akizungumza. Alisema jambo, akanyamaza kidogo, akacheka, halafu akajibu. Mtoto anayecheza peke yake hanyamazi namna ile. Wakapita kona, na upande wa pili wa mto ngome nyingine ikaonekana juu ya jabali, kisha ikamezwa na ukungu. Wazee wawili, mke na mume, walitokea mbele na baiskeli zao, wakapunguza mwendo.

"Servus!" alisalimu mwanamke, akainama kuchungulia ndani ya plastiki iliyoshika ukungu. "Jamani, wazuri hao! Mapacha?"

Verena akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ndiyo, mapacha."

Mwanamke aliendelea kuchungulia, halafu tabasamu likamtoka usoni. Mumewe alishaona kabla yake. "Twende, Hermi," alisema. "Twende nimekwambia." Wakaondoka bila kuaga, na katika bonde lile kutoaga ni jambo la kukumbukwa.

Klabu ya Bi Zehetner iko palepale njia inapogusa mashamba, na hakuna mwendesha baiskeli anayeipita bila kusimama. Bi Zehetner mwenyewe alikuwa na ulimi mkali kuliko divai yake changa. Alitoka na bilauri ya divai kwa Verena na kikombe cha juisi ya moto kwa Kilian, akafika katikati ya ua, akasimama hapo, macho kwenye tela, kama aliyezuiwa na kamba.

"Umepita chini ya Falkenöd?"

"Njia si ndiyo hiyo moja, Bi Zehetner? Ulitaka nipite wapi, mtoni?"

"Usinijibu hivyo, we mtoto. Kuna mtu alikuuliza kitu?"

Verena akatazama mikono yake.

"Na wewe ukajibu! Mungu wangu. Mnavaa kofia ngumu za bei mbaya, ndani mnafuga hewa. Bibi yako hakukuambia? Chini ya Falkenöd unainua kichwa kwanza, ndipo unajibu."

"Aliniambia. Tulikuwa tukipita pale tunachekacheka na wenzangu."

"Basi cheka sasa nikusikie."

Verena hakucheka. Kisa chenyewe alikijua, kila mtu wa huko anakijua. Ukuta wa Falkenöd ulikuwa ukianguka kila wanapoujenga, hadi mwashi akamnunua mtoto hai kwa mwanamke maskini, akamjengea ndani ya msingi. Mama alimwambia mtoto akae pale kidogo, anakwenda na kurudi. Ukuta ukasimama.

"Tangu hapo anatafuta pa kukaa," alisema Bi Zehetner. "Na wewe umempa."

"Hana ubaya. Wanacheza tu, sikiliza."

"Leo wanacheza. Ukimvusha kizingiti cha nyumba yako, hatoki tena. Na yule hakai na mwenzake, Verena. Anamwambia sogea, sogea, mpaka mwenzake anakosa pa kukaa. Shangazi yangu alimfikisha nyumbani kwenye kigari cha mtoto wake. Asubuhi yake..." Akaifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Asubuhi yake sikuambii."

"Basi nimfukuze?"

"Utamfukuzaje na umemkaribisha wewe? Ulisema hapana mtu. Mwambie pana mtu. Lakini iwe kweli. Alishadanganywa mara moja, na mama yake mzazi, hadanganyiki tena."

Aliweka kikombe cha juisi chini, palepale katikati ya ua, akarudi ndani akafunga mlango.

Verena angeweza kusema palepale. Mtu mwenye akili zake angesema. Badala yake alipanda baiskeli akaondoka, akijiambia kwamba nyumbani bado mbali, kwamba bado kidogo tu, kwamba akifika kwenye gati la kivuko atasimama. Alifika kwenye gati, akaliacha nyuma. Nyuma yake watoto wawili walikuwa wakicheka, na kwa kicheko kile angeweza kuvuta tela mpaka Bahari Nyeusi.

Ukungu uliposhuka chini zaidi, aliona taa ya kanisa la kijiji chao. Hapo akagundua kwamba anayecheka ni mmoja tu.

"Kilian?"

Kicheko kikaendelea. Hakikuwa chake.

"Kilian!"

"Mama," ilisema sauti ya mwanawe, nyembamba, kana kwamba ametumbukia kisimani. "Anasema nisogee."

"Sogea kidogo basi, baba."

"Nimesogea. Nimesogea mpaka hakuna tena."

Verena alikamata breki zote mbili. Karibu aanguke. Akaitupa baiskeli kwenye nyasi, akapiga magoti kwenye tope, akatia mkono chini ya plastiki kwa sababu zipu ilikataa kufunguka. Aliukuta mkono wa Kilian umebanwa kwenye ukingo kabisa wa upande wa kulia. Ulikuwa baridi, tena mwembamba kuliko alivyouacha asubuhi. Akaubana. Kisha mkono mwingine ukaja juu ya wake.

Ulikuwa mdogo, mkavu, wenye vumbi la chokaa. Haukumkwaruza wala kumvuta. Ulimshika tu, kwa upole, kama mkono wa mtoto anayevushwa barabara, na upole huo ndio uliomtisha, maana vidole vya Verena vilikuwa vimeshaanza kuujibu.

"Kiti hicho kina mtu," alisema haraka. "Ni cha mtoto wa dada yangu. Namchukua hapo mbele."

Tela likalia. Magurudumu yakazama topeni, na Kilian akatoa mlio ambao Verena hakuwahi kuusikia kwake, wala hataki kuusikia tena mpaka afe. Dada yake hakuwa na mtoto.

"Subiri! Subiri. Kina mwenyewe. Kweli kina mwenyewe."

"Nani?" iliuliza sauti ndogo, kwa adabu ileile.

"Binti yangu."

"Anaitwa nani?"

Verena alifungua mdomo. Jina lilikuwapo, limekaa kooni tangu Machi, na alikuwa amelimeza kila siku kwa chai, kwa mkate, kwa usingizi. Alijua kwamba akilitoa halitarudi ndani tena. Chini ya kiganja chake mkono wa Kilian ulikuwa umeanza kulegea.

"Ottilie," alisema. "Anaitwa Ottilie."

"Anakuja?"

"Haji."

"Basi pako wazi."

"Hapako wazi!" Alipiga kelele hadi bata wakaruka kutoka mtoni. Halafu akashusha sauti, kwa kuwa aliyekuwa akizungumza naye alikuwa mtoto. "Haji, hatakuja kamwe, na kiti ni chake. Nilipokwambia hapana mtu nilikudanganya. Nimewadanganya watu wote kiangazi chote. Nisamehe, mwanangu. Shuka."

Mkono ule ulibaki juu ya wake. Ulikaa sana. Verena hakuuondoa, kwa sababu hakutaka kumsukuma, na kwa sababu, tuseme ukweli, alikuwa akimuaga. Mwishowe kidole kimoja kikaachia, kisha kingine, na springi za upande wa kushoto zikainuka polepole. Tela likalalia upande wa kulia. Nyasi za kando ya njia zikainama kidogo kidogo kuelekea walikotoka, kuelekea klabu na ngome, kisha zikatulia.

Zipu ilifunguka kwa mguso mmoja. Kilian alikuwa amejikunja pembeni, midomo imembadilika rangi kwa baridi, macho wazi. Verena alimtoa, akamtia ndani ya koti lake, akamsugua mgongo mpaka mtoto akaanza kutetemeka, na baada ya kutetemeka akaanza kulia, na kilio kile kilikuwa kinene, cha hasira, chake mwenyewe. Walikaa topeni pale wote wawili.

"Kaenda kuuliza kwa watu wengine," alisema Kilian alipopata pumzi.

"Najua."

"Mama, Ottilie ni nani?"

"Dada yako. Mdogo wako. Alikufa kabla hujamwona."

Kilian akafikiri. "Mbona hukuniambia?"

Verena akamfunika vizuri zaidi kwa koti.

"Yule nilimuuliza jina," aliendelea Kilian, akijipangusa pua kwenye koti la mama yake. "Kasema hana. Mama yake hakutaka kumpa jina, ili asije akamlilia."

Taa ya kanisa ilikuwa palepale, na nyumbani Gernot lazima alikuwa ameshatoka getini kuangalia njia. Verena alibaki amekaa topeni. Alivua kofia yake ngumu, akamwita binti yake kwa jina, mara ya kwanza kwa sauti ndogo, mara ya pili kwa sauti ya kumwita mtoto aliye mbali. Kisha akalia, kilio ambacho alipaswa kulia mwezi Machi, na Kilian akamshikia kofia.