Redio Haizimwi

Fundi cherehani yule aliingizwa mchezoni na shemeji yake. "Shem, umeshika redio vitani kweli kweli, halafu unakaa hapa unapiga pindo za suruali? Wenzangu watu kama wewe wanawatafuta kwa tochi," alimwambia, huku akimpangia kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Kundi la shemeji lilicheza vita mtandaoni kila Jumamosi mchana, na halikuwa na utoto. Lilikuwa na vyeo, ramani na amri za redio, na wengi wao walikuwa askari wastaafu. Hakuna aliyetumia jina lake. Fundi walimwita Sindano kwa sababu ya cherehani yake, wakamkabidhi mawasiliano.

Siku ya kwanza alifunga duka, akavaa vifaa vya masikioni. Kiongozi wao, waliyemwita Mkuu, alikuwa akiwasimulia wachezaji mambo ya zamani kabla mchezo haujaanza.

"Pale darajani niliwatoa vijana wangu wote. Wote!" Akakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha kusafisha koo.

Sindano akainamia kompyuta. Kikohozi kile angekitambua hata usingizini. Huyu alikuwa luteni wake, na darajani hakuwatoa wote. Sindano na koplo mmoja walibaki ng'ambo ya mto, koplo ana risasi tumboni, yeye anaita redioni mpaka koo likamkauka. Alichosikia mwisho kilikuwa sauti hii hii: "Zima redio. Tunaondoka."

Alitaka kuvua vifaa na kuzima kompyuta. Lakini mchezo ulishaanza, na watu walikuwa wakimtegemea. Akaendelea kupokea na kupeleka ujumbe.

Mambo yakaharibika haraka. Kipara, dereva wa lori aliyecheza kwa fujo, alinaswa nyuma ya ukuta, adui kila upande. "Sindano, nimebanwa! Leteni watu!"

"Mwacheni," Mkuu akasema. "Sindano, zima redio yake. Tunaondoka."

Sindano aliweka kidole juu ya kibonyezo. Alijua ni mchezo. Kipara alikuwa amekaa sebuleni kwake, labda na chai pembeni. Hata hivyo, aliondoa kidole.

"Redio haizimwi, Mkuu. Kuna mtu upande wa pili."

"Hiyo ni amri! Wewe ni nani hata unibishie?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuita pale darajani, Luteni. Nilikuita mpaka betri ikaisha."

 

"Jamani," Kipara akasema kwa sauti ndogo, "na mimi je?"

"Niko nawe. Lala chini. Kushoto kwako kuna mtaro, tambaa taratibu. Nikisema simama, usiulize."

Akamtoa hatua kwa hatua. "Ungekuwepo kwenye ndoa yangu," Kipara akahema, "ningetoka salama na kule."

 Mchezo walishindwa, na Mkuu alikuwa ameshaondoka bila kuaga.

Jioni ile Mkuu alimwomba shemeji namba ya simu ya Sindano, akapiga.

"Nilidhani mmekufa," alisema.

"Ulidhani, au ilikufaa kudhani?"



"Koplo hakufa siku ile," Sindano akaendelea. "Alikufa kesho yake, mikononi mwangu. Mama yake aliambiwa na jeshi kwamba mwanawe alikufa papo hapo. Mimi nilinyamaza, nikaona heri asijue aliteseka. Lakini kama una deni la kusema ukweli, liko kwake, si kwangu."

Hakutegemea lolote. Wiki ikapita. Akiwa anampima mteja mabega, simu ikaita.

"Nimetoka kwa mama yake koplo," sauti ya Mkuu ikasema, imepasuka. "Nimemwambia kila kitu. Hakunitukana. Aliniuliza tu mwanawe alisema nini mwishoni. Sikuwa na jibu."

Sindano akakaa kitini, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Jibu alikuwa nalo yeye peke yake, na alilikalia miaka yote hiyo.

"Samahani, dada yangu," akamwambia mteja. "Rudi kesho. Leo kuna mama mmoja ananisubiri."

Akachukua mkoba, simu bado sikioni, akamuuliza Mkuu nyumba ya mama yule iko wapi.