Sensa Iliyolazwa

Getrude alikuwa amelala chali chini ya tipa, oili nyeusi ikimdondokea kwenye kola, akiomba Mungu mshale upande. Alikuwa ameing'oa sensa ya presha ya oili, kile kidude kinachoiarifu kompyuta kama injini inapata oili ya kutosha, na mahali pake akafunga geji ya mkono isiyojua kumwonea mtu haya. Mshale ungepanda, basi sensa ndiyo mbovu, angebadilisha na maisha yangeendelea. Akapiga kelele dereva awashe. Mshale ukainuka kidogo, ukatetemeka, ukarudi chini. Sensa haikuwa na kosa lolote. Taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka tangu juzi ilikuwa inasema kweli.

Na kweli yenyewe kila mtu katika kambi ile ya ujenzi aliijua, na kila mtu alikuwa ameila. Oili mpya iliyoletwa kwa ajili ya mitambo ya barabara ilikuwa inaishia kwa wenye malori, na oili chakavu ikichujwa kwa kipande cha kanga na kumiminwa tena kwenye injini. Bwana Nassibu, msimamizi wa karakana, ndiye aliyeshika funguo za stoo. Lakini mjanja yule hakula peke yake. Walinzi walipata chochote, madereva walipata, na Getrude naye alikuwa akiletewa sukari na sabuni. Alipokea. Ana mtoto, ana mama anayemtegemea kule Kikole, na asiyepokea huonekana ana lake jambo. Nani sasa angemnyooshea nani kidole?

Alimkuta Nassibu mlangoni mwa stoo, akamwamkia, kisha akamweleza kwa adabu kwamba pampu ya oili imeliwa na uchafu na gari halifai kupanda mlimani. Nassibu alimsikiliza huku akichokonoa meno. Siku hiyo wakubwa walikuwa wanakuja kukagua barabara, na mitambo yote ilitakiwa ionekane kazini.

"Ilaze," alisema.

Kulaza sensa ilikuwa kazi ya kawaida pale. Unachomoa plagi yake, unachomeka rizista ndogo iliyotoka kwenye redio mbovu, unafunga utepe mweusi. Kompyuta inaamini presha ipo, taa inazimika, kazi inaendelea. Nusu ya mitambo ya kambi ilikuwa inatembea imelazwa hivyo, na mingi aliilaza Getrude mwenyewe.

"Zile tulizilaza kwa kuwa sensa zilikuwa mbovu, baba. Hii ni nzima. Injini ikikwama kwenye mteremko, usukani unakuwa jiwe. Dereva Amiri hataweza kukata kona."

"Funika kombe mwanaharamu apite. Wageni wakiondoka tutaangalia." Nassibu akageuza macho hadi getini, ambako vijana walikuwa wamechuchumaa tangu alfajiri wakingoja kuitwa vibarua. "Au nimwite mmoja wa wale aje ailaze? Halafu wewe ukawaeleze wageni sukari yako ilitoka wapi."

Basi akarudi chini ya tipa, akairudisha sensa mahali pake, akailaza. Utepe ukamponyoka, akauokota kwenye vumbi, akaufunga hivyo hivyo. Taa ikazimika. Alitamani sana iwake.

Sasa kambi ile ilikuwa na desturi yake. Fundi aliyeushika mtambo hupanda na dereva safari ya kwanza, akae kando yake kwenda na kurudi. Dereva hakuhitaji kuuliza umetengenezaje, wala fundi hakuhitaji kuapa. Ukipanda, umejibu.

Amiri alikwishakaa kwenye usukani. Mtu wa Pande huyu, mpenda utani, tipa lile akiliita mke wake mdogo. Akamuuliza mganga kama mgonjwa amepona, akampangusia kiti cha pembeni vumbi kwa leso. Getrude akakanyaga ngazi ya kwanza, akakanyaga ya pili. Hapo akasimama. Aliuona mteremko wote kichwani, ile kona iliyo juu ya mikorosho, na akamwona mwanawe.

"Tumbo linaniuma, kaka," alisema. "Leo sipandi."

Kicheko kikafutika usoni mwa Amiri. Alimtazama Getrude, kisha kitufe cha kuzimia injini, kisha akatazama getini kule kwenye vijana. Mmoja wao, anayejua kuendesha, alikwishasimama. Mwahija, mke wa Amiri, alikuwa amejifungua mwezi ule.

"Shuka taratibu, dada," alisema. "Usije ukaanguka." Akavuta mlango, akapiga bismillahi, akaondoka.

Getrude alibaki karakana akiusikiliza mlima. Ungemwambia ashike spana asingeiona. Alisikia tipa likipanda, likapakia mawe, likaanza kurudi. Kisha mngurumo ukapanda sauti nyembamba ambayo fundi yeyote anaijua, ukakatika ghafla. Kukawa kimya. Alianza kukimbia kabla kishindo hakijafika.

Walilikuta limelala ubavu chini ya kona, limeng'oa mikorosho miwili, kibini cha dereva kimebonyea mbele. Amiri alikuwa hai. Miguu ilibanwa chini ya dashibodi, naye alikuwa anawaita wenzake mmoja mmoja kwa majina. Wanaume walishafika na kamba na mitaimbo. Nassibu akawazuia, akisema gari litateleza, asiguse mtu mpaka aseme yeye. Kisha akamshika Getrude mkono, akamvuta nyuma ya tairi. Kule bondeni vumbi la magari ya wageni lilikuwa limeanza kuonekana.

"Itoe ile rizista yako. Rudisha plagi kwenye sensa."

"Na Amiri?"

"Atatolewa ukimaliza. Unawachelewesha wewe. Wakija na kompyuta yao wakute sensa nzima, taa iliwaka, dereva akapuuza. Au unataka wakute mkono wako?"

Wenzake walikuwa wamesimama na mitaimbo yao, wanamtazama. Walijua anakwenda kufanya nini. Getrude akalala kifudifudi, akajipenyeza upande wa injini iliyokuwa bado inafuka moshi, akitaja Salamu Maria bila kufika mwisho. Chuma kilimuunguza bega. Akaupata utepe, akaanza kuufungua kwa kucha.

Kutoka ndani ya kibini, juu ya kichwa chake, Amiri akasikia mkwaruzo.

"Nani huyo? Fundi?" Sauti ilikuwa imeisha nguvu. "Dada, umekuja kunitoa?"

"Ndiyo, kaka," alisema Getrude, akachomoa rizista, akaanza kupapasa plagi.