Kichaka cha Alfajiri ya Parapanda

Jana usiku niliota mwisho wa dunia, na katika watu wote waliohudhuria, mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kabla mke wangu hajaniwahi.

Kwetu milimani Upareni, alfajiri ya Pasaka, bendi ya matarumbeta ya kanisa huanzia makaburini. Hupiga kukiwa bado giza, watu wamesimama na taa za chemli kati ya misalaba, ndipo wote wapande kanisani. Kabla ya siku hiyo kila ukoo unakuwa umeshafyeka makaburi yake na kuyapaka chokaa, maana ni aibu mtu wako kupigiwa muziki akiwa kichakani. Nilipokuwa mdogo Bibi alinibeba mgongoni kwenda huko, mvua inanyesha, kanifunika jani la mgomba, na mimi namsumbua anishushe nikaipulize ile tarumbeta kubwa ya besi. Kisa hicho nimekisimulia sana, hadi wanangu hunitangulia kukimaliza.

Basi katika ndoto nipo palepale. Bendi inafanya mazoezi tu, lakini wafu wetu wamedhani ndiyo parapanda yenyewe. Makaburi yanafunguka kama milango ya maduka asubuhi. Mzee mmoja anatoka, anajipangusa chokaa, anauliza kama chai iko tayari.

Malaika alikuwa amevaa sare ya bendi, kola imembana. Akawatazama wafu, akatazama saa yake.

"Mmewahi," akasema. "Siku yenyewe bado. Lakini kwa kuwa mmeshaamka, haya, tuendelee."

Makaburi yote yalikuwa wazi isipokuwa pale alipolala Bibi. Pale palikuwa na nyasi na vishonanguo, vile vimbegu vyeusi vinavyong'ang'ania suruali, vimefika kifuani. Mwaka huu zamu ya kufyeka ni yangu. Dada yangu kanipigia simu wiki nzima, na wiki nzima nimemjibu, mvua ikikatika nakuja.

Nikaelewa maana yake. Bibi atakosa mbingu kwa uvivu wangu. Nikajitosa kichakani, nikaliokota panga lililokuwa limelala chini.

"Usinishike," panga likasema. "Hatujuani."

"Wewe si panga la nyumbani?"

"La nyumbani ndiyo. Wewe ndiye mgeni."

Nikaona nisibishane na panga lenye kutu. Nikamgeukia Malaika.

"Mtukufu, hili si langu. Ni Shetani. Ndiye aliyenizuia."

Malaika hakubisha. Akamwita. Shetani akaja taratibu, kavaa kandambili, na uso wa mtu anayeitwa kila siku kituoni kwa makosa ya jirani.

"Shikamoo," nikamwambia, maana nililelewa na Bibi.

"Marahaba."

"Huyu anasema ulimzuia kuja kufyeka," Malaika akasema. "Ulikwenda kwake lini?"

"Kwake sijafika. Nilipanga kwenda, nikasikia anaendelea vizuri, nikaona nisimsumbue."

"Na hizi nyasi?" nikamwuliza.

"Nyasi huota zenyewe. Kwa nyasi mimi sihitajiki."

"Mvua je?"

"Mvua si kazi ya idara yangu," akasema, akamtupia jicho Malaika. Malaika akajifanya anakaza kifungo. Shetani akaaga, akasema ana tuhuma nyingi za kwenda kukanusha, akaondoka na kandambili zake.

Hapo nikasikia sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Mume wangu, unaongea na nani huko kichakani?"

Bibi amesimama mbele kabisa ya bendi. Kavaa gauni lake la buluu la Komunio na khanga begani, ananukia moshi wa kuni kama zamani. Huku mjini ni miaka sijaisikia harufu hiyo.

"Bibi, umetokaje na kaburi lako limezibwa?"

"Mimi nimetoka wa kwanza. Pameziba wapi?"

Nikainama kumwonyesha. Kaburi lilikuwa wazi, safi, jeupe kama sahani. Nyasi zilikuwa zimeota miguuni mwangu mimi. Zilinikamata magoti na zilikuwa zinapanda.

"Nyasi za mjukuu hazimzuii bibi," Malaika akasema. "Kila mtu huzuiwa na zake. Bendi, kushoto geuka."

Bendi inaanza kupanda kuelekea kanisani. Wafu wanafuata, wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto. Mimi sibanduki.

"Bibi, nitetee."

Kunitetea ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikichelewa Sunday School, anasema alinituma yeye. Nikivunja mtungi, anasema ulikuwa na ufa. Akafungua kinywa kama siku zote. Ikatoka besi.

"Puuu."

Akajaribu tena. "Puuu." Wapigaji wakadhani anawapa sauti, wakaifuata. Maneno mengine yote yalimtoka sawasawa, utetezi tu ndio uliogeuka tarumbeta. Akaziba mdomo kwa khanga, akacheka vile alivyokuwa akicheka, mabega yakitangulia. Nami nikacheka, nyasi zimefika kiunoni, nikatamani iwe siku ile ya jani la mgomba, mtu akinibeba tu na kazi yangu ni kulalamika.

"Ningoje, Bibi."

"Fyeka, mume wangu. Nitatembea polepole."

Nikaliinua panga. Halikati.

"Sema kwanza ni za nani," panga likasema.

"Zangu."

Likakata hadi magotini, safi kabisa, utadhani limetoka kunolewa. Nikaona gauni la buluu linafika kona ya juu, linasimama. Nikaongeza, kwa uungwana tu, "Ingawa mvua nayo ilikuwa kubwa."

Nyasi zikarudi hadi shingoni.

Nikaamka. Tuko ghorofani mjini, na kinachoota mtaani kwetu ni lami. Nje mvua inanyesha. Mke wangu kaketi ukingoni mwa kitanda, anabandua kitu kwenye suruali yangu ya kulalia.

"Baba Huruma, hii nimeifua jana kwa mikono yangu. Vishonanguo umevitoa wapi?"

Nikamsimulia yote, hata ile shikamoo. Hakucheka. Akaenda kabatini, akarudi na begi langu dogo, akaliweka miguuni pangu.

"Pasaka ni Jumapili," akasema. "Leo mabasi ya kwenu yapo."

"Nitakwenda, Mama Huruma. Zile nyasi ni zangu, nimekubali. Ngoja tu mvua ikatike."

Akaufungua mkono wangu, akavimimina vile vishonanguo kiganjani.

"Mke mwenzangu alipokubeba mgongoni, alingoja ikatike?"