Bsisa ya Baada ya Idi

Watu wa hapa Mahdia, pwani ya Tunisia, wakiutaja ule mwaka wa ugonjwa hushika tama, na mimi hushika tama pamoja nao, nikasema Mungu awarehemu waliotangulia. Lakini moyoni najua sijapata kuishi vizuri kama nilivyoishi ile miezi tuliyofungiwa. Nisemeni mtakavyo.

Mimi ni mtarizi wa nguo za maharusi. Hariri na nyuzi za dhahabu za wanawari wa mji huu, nyingi zimepita mapajani mwangu. Harusi zilipopigwa marufuku kazi yangu ikafa. Mwanangu Wajdi, huyo huyo mmoja niliyejaliwa, alikuwa mhudumu katika hoteli ya ufukweni. Hoteli nayo ikafungwa, akarudi na begi lake na mashati mawili meupe ya kazi. Baba yake tulishamzika zamani. Basi tukabaki mimi na yeye, vyumba viwili na ua, na amri ya serikali: saa kumi na mbili jioni asionekane mtu nje.

Loo, amri tamu hiyo! Miaka nenda miaka rudi nilikuwa namngoja mtoto huyu sikio langu likiwa mlangoni, sijui yuko mkahawa gani na wahuni gani. Sasa ikifika saa kumi na mbili nazungusha ufunguo mwenyewe, naye yuko ndani, namwona.

"Mama, umenikamata," ananiambia.

"Mimi tena? Kamshtaki waziri."

Mwanzoni alinuna. Akawa anazunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu, simu mkononi, hasemi na mtu. Nikamwacha. Mwisho kuchoka kukaa bure kukamwinua: akachukua ndoo ya chokaa akapaka kuta zote, akamalizia na shina la mlimau. Akajifunza kukanda mkate. Wa kwanza ulitoka mgumu, ukiugonga unalia. Nikamwambia mkate huu tuwapelekee askari wa doria, wawarushie wanaovunja amri. Alicheka mpaka akakaa chini na unga wake mikononi.

Jioni chai ya nanaa, kisha karata. Na mtoto yule ni mwizi, jamani! Saba ya uru, karata inayohesabiwa kubwa kuliko zote, haionekani mezani hata siku moja, kumbe ameikalia.

"Inuka, mwizi wee! Inuka nione!"

"Karata gani, mama? Macho yako hayo, nyuzi za watu zimeyamaliza."

Redioni walikuwa wakisoma idadi ya waliokufa, Italia wangapi, kwetu wangapi. Nilikuwa nazima. Si kwamba sina huruma. Ila nilikuwa na furaha, na furaha haitaki kusikia habari za watu. Kila nikisujudu nilijua natakiwa kuomba ugonjwa uondoke, na nilikuwa naomba, lakini ulimi mzito.

Ramadhani ikatukuta humo humo. Kwa ajili ya daku nilisaga bsisa, kama kila mwaka: shayiri na dengu zilizokaangwa, giligilani, shamari, unasaga mpaka unapata unga unaonukia hadi kwa jirani. Unaukoroga na mafuta ya zeituni, na vijiko vichache vinakushikilia kutwa nzima. Wajdi hakuwa mtu wa bsisa. Tangu utotoni alikuwa akisema ni chakula cha vikongwe wasio na meno. Mwaka ule akala akalamba na bakuli, tena akawa anakaa jikoni pamoja nami, anakoroga shayiri kwenye sufuria zisiungue.

Idi ikapita. Watu wakarudia kahawa na mkate wao wa asubuhi, na bsisa ikasahauliwa mpaka mwakani. Wajdi akaja jikoni.

"Mama, nisagie bsisa nyingine. Nyingi."

Nani kama mimi siku ile! Nilisaga huku naimba. Nikajiambia, umeona, Dalenda? Kaonja nyumba yake, imemnogea. Sasa hata wakifungua dunia, huyu haendi popote.

Asubuhi ya pili yake nilipanda darini kuanika mashuka. Huko juu ndiko tulikokuwa tukisalimiana wanawake, kila mmoja na paa lake, kwa kuwa majumbani hatuingiliani. Upande wa pili alikuwa Saluha, jirani yangu wa tangu ujana.

"Dalenda, jana kwako kulinukia nini? Si Idi imekwisha?"

"Bsisa. Wajdi kaitaka mwenyewe."

"Ile ya kuonja tu?"

"Kuonja! Mfuko mzima, shoga yangu. Mtoto kanogewa. Au huniombei mema?"

Hakucheka. "Mafuta umeshatia?"

"Kasema nimwekee kavu. Na tende kando."

Saluha akaweka kapu lake la nguo chini, taratibu. "Hata Ghazi wangu alitaka kavu," akasema. "Kavu haiharibiki. Ukiwa baharini unatia maji kidogo kiganjani, unafinyanga, unakula."

Ghazi ni mwanawe. Alipanda boti ya magendo ya kwenda Sisilia, huko Italia, kiangazi cha nyuma yake. Simu hajapiga, na maiti haijaletwa. Mama yake mpaka leo hajui amwombee dua ya msafiri au ya marehemu.

Nilishuka ngazi sijui nakanyaga wapi. Bsisa ni chakula cha daku, na ni chakula cha safari. Kila mtu hapa anajua, hata mtoto mdogo. Nilijua, nikasahau, kwa utamu tu. Nimekaa jikoni kwangu, nikamkaangia mwanangu masurufu ya kunikimbia, na nyimbo juu!

Alikuwa uani, anaosha glasi za chai.

"Lini?" nikamuuliza.

Hakuuliza lini nini. Akafunga bomba. "Amri ikilegezwa. Wiki ijayo, labda. Nilikuwa nataka kukwambia, mama."

"Ungeniambia ukiwa wapi? Italia?"

"Nilikuwa nataka kukuomba radhi zako."

Huku kwetu mwenye boti hampakii kijana mpaka amuulize mbele ya wenzake kama mama yake amempa radhi. Asiye nazo, wanasema, huwazamisha wote. Hata wale wahuni wasioogopa askari wala mawimbi, hilo wanaliogopa. Na Wajdi wangu wizi wake wote ni wa karata. Uongo wa aina ile asingeuweza.

"Huzipati," nikamwambia.

"Mama..."

"Leo huzipati, kesho huzipati! Hebu panda hapo juu umuulize Saluha. Alimpa mwanawe radhi zote alizokuwa nazo. Amerudishiwa nini?"

"Hoteli hawatufungulii tena, wametwambia. Nitafanya nini hapa?"

"Utakaa! Si tumekaa? Tumekaa vibaya?"

"Tumekaa vizuri," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, afadhali angenifokea. "Nilikaa vizuri kwa sababu nilijua naondoka. Nilitaka nikuage hivyo."

Nikampiga kofi. Mwanamume mzima, ndevu zimemjaa, na mkono wangu ulimfikia kwa taabu. Kisha nikaingia jikoni, nikatoa ule mfuko, nikaimwaga bsisa yote uani, ikatapakaa juu ya vigae. Yeye akachukua ufagio akaifagia.

Basi nikashinda. Amri ikalegezwa, mikahawa ikafunguliwa, watu wakamwagika njiani na barakoa zao kidevuni, na boti ikaondoka bila yeye. Nilijua imeondoka kwa sababu asubuhi ile alilala uso ukutani mpaka adhuhuri. Nikamwachia alale. Nikasema moyoni, atazoea, atasahau, tutarudi kama tulivyokuwa.

Mkate alikanda kila siku, na ulikuwa mzuri sasa, laini. Maji alijaza, taka alitoa. Ukimwita, "Naam, mama." Ukimtuma, "Haya, mama." Nilimlazimisha tucheze karata. Saba ya uru aliitupa mezani kama takataka, nikamshinda mara zote, nikaona uchungu mpaka nikazikusanya karata kabla hatujamaliza. Chakula alikuwa anakichokonoa. Alikonda, shati likawa linamwangukia begani.

Jioni moja nilimwona anainuka, anakwenda mlangoni, anazungusha ufunguo. Nje jua lingali kali na watoto wanacheza.

"Mbona unafunga mapema? Si amri imeondolewa?"

"Ya serikali imeondolewa," akasema. "Yako bado, mama." Akaniwekea ufunguo kwenye goti, akaenda kukaa.

Nilitamani nimpige kofi la pili. Mkono haukuinuka.

Nikapanda darini, nikamwita Saluha, nikamuuliza waziwazi: ungerudishiwa siku ile aliyoondoka, ungemnyima Ghazi radhi zako?

"Ningemnyima!" akasema, hata sijamaliza. "Ningemfunga kamba kwenye mlimau wako huo. Ningemvunja miguu, Dalenda, nikamlisha kwa kijiko mpaka nife mimi. Wewe usidanganyike na kuonea mtu huruma. Unaye. Wewe unaye!" Akalia, nikalia naye, kila mmoja kwenye paa lake. Nilishuka na jibu nililolitaka kabisa.

Siku ya pili nikapika kuskusi ya samaki, ile anayoipenda, na malenge na pilipili nzima juu. Nikaweka sinia mezani mchana, tukakaa. Alichukua kijiko akaanza kuchokoa pembeni, punje kwa punje. Nikamtazama vidole. Nikamtazama shingo. Nilikuwa naye, Saluha alisema kweli. Nilikuwa naye hapo mbele yangu kwenye kiti, na sikumwona tena yule niliyekuwa nimemzuia.

"Wajdi."

"Naam, mama."

"Radhi nimekupa."

Kijiko kikasimama. "Sema tena."

"Mimi si redio." Nikanywa maji. "Radhi zangu nimekupa, za dunia na akhera. Nenda."

Akaja akapiga magoti, akanibusu mkono, akanibusu kichwa, akanikumbatia kwa nguvu, na miezi yote ile tulikuwa tumeambiwa watu wasigusane. Alikuwa anacheka. Uso wote ukamfunguka, ukawa ule wa siku za chokaa na mkate mgumu. Akarudi kitini, maneno yanamtoka mbio mbio: boti bado zinaondoka, kuna mtu wa Mahdia ana kazi ya nyanya huko Sisilia, atamchukua siku ya kwanza tu, atanitumia miwani nzuri, atapiga simu kila jioni, mama, kila jioni, utachoka. Mimi natingisha kichwa, nasema inshallah, inshallah.

Na huku anakula. Hakuchokoa tena, alijaza kijiko, akavunja samaki kwa vidole, akameza, akaongeza pilipili, akalisafisha sinia upande wake mpaka chini pakang'aa. Sijamwona akila vile tangu alipokuwa mtoto.

"Ipo nyingine, mama?"

"Ipo," nikasema. Nikainuka nikampakulia.