Folda ya Nanay Leonila

Siku ya tatu, jeneza la mama bado liko sebuleni, jirani yetu Aling Saning aliingia rozari mkononi.

"Mwanangu, mama yako kaja kwangu."

"Ndotoni?"

"Kwenye kompyuta."

Mang Tasyo, kinyozi, akaacha kahawa yake. "Hata kwangu! Na mimi picha yake sijawahi kuwa nayo."

Zilikuwa nyumba kumi na moja. Kila kompyuta ilikuwa na folda mpya yenye jina moja: Nanay Leonila, yaani Mama Leonila.

Hapo nikaelewa. Dada wa mama, Tiya Prisca, alizunguka na flashi yangu nyumba kwa nyumba akikusanya picha za kuonyesha kando ya jeneza, kama tufanyavyo kwa kila marehemu. Kuna mahali flashi iliambukizwa mnyoo, programu haribifu inayojisambaza yenyewe. Kwenye darasa langu la jioni la kompyuta tulifundishwa: mnyoo huificha folda halisi, kisha hukaa mahali pake kwa jina lile lile. Ukibofya, picha zinafunguka vizuri tu. Wewe unalia, wenyewe unajinakili. Ulichohitaji ni mtu aliyempenda mama.

Ndani ya folda halisi, kwenye flashi, kulikuwa na sauti ya mama akimwimbia binti yangu, Ligaya, wimbo wa kumbembeleza. Nakala nyingine sina.

Adhuhuri Aling Saning akarudi. Faili zake zote zimefungwa, majina yamegeuka herufi za ajabu, na kioo cha kompyuta kinadai pesa ili zifunguliwe. Mnyoo ulikuwa umemfungulia mlango mhalifu anayeteka faili za watu. Flashi ikichomekwa kwenye kompyuta hiyo sasa, na wimbo nao utafungwa.

"Tiya Prisca yuko wapi?"

"Si huyo kwangu na flashi yako, anatafuta tundu la kuichomeka."

Nilikimbia na Ligaya kifuani.

"Tiya, usichomeke!"

"Ee, profesa wa jioni kafika! Nilikuwa nataka kuona tu kama picha zipo."

Nikampokonya. Sikuomba hata radhi.

Mwalimu wangu alinipa kompyuta ambayo mnyoo ule hauwezi kuamkia. Nikaamuru vilivyofichwa vionekane. Zikatokea folda mbili, bega kwa bega, zote Nanay Leonila, alama ile ile ya njano. Nilihisi zote mbili zinanitazama. Nikapima ukubwa: moja nyepesi mno, haiwezi kubeba hata picha moja.

Nikaifuta. Ilikuwa kana kwamba nimemzika mama kabla ya siku yake.

Kisha nikabofya iliyobaki. Mkwaruzo, pumzi, halafu mama akaanza kuimba. Ligaya akaacha kunyonya, akaitikia.