Chaki Kwenye Boriti

Kwenye chumba cha chini ya nyumba, Borghild alizamisha mkono ndani ya pipa, samaki akamponyoka vidoleni kama uji uliopoa. Akajaribu upande wa pili, kule chini wanakokaa vipande vinene, akijipa moyo kwamba labda ni kipande kimoja tu kilichoharibika. Mkono ukatoka na konzi ya kitu cheupe, kinachoteleza, kinachonuka sabuni. Viganja vikaanza kumwasha. Alivisuuza kwenye ndoo ya maji safi, halafu akabaki ameinama vilevile, kwa sababu akinyooka ingembidi akubali alichokiona.

Juu ya kichwa chake, jikoni, mumewe alikuwa anapiga mluzi. Eilif aliamka na furaha asubuhi hiyo. Alinyoa ndevu bila kukumbushwa, akawafungia ndege mganda wao wa nafaka wa Krismasi kwenye nguzo ya ua, na sasa alikuwa anamenya viazi vya kesho, ingawa vya kesho alishavimenya jana.

Kesho ndiyo mkesha wa Krismasi. Kesho saa sita mchana Torunn, binti yao wa pekee, angeshuka kwenye basi la kutoka mjini Trondheim na ile barua mkobani.

Barua ilikuwa ya halmashauri. Ilisema nafasi imepatikana katika nyumba ya wazee, na jibu litolewe kabla ya tarehe ishirini na saba, la sivyo apewe mwingine. Torunn aliiomba nafasi hiyo tangu Oktoba, baada ya baba yake kuokotwa barabarani akitembea kwenye theluji na soksi tupu, eti anakwenda kumrudisha zizini farasi ambaye alikufa zamani, Torunn mwenyewe akiwa bado mdogo. Borghild alibishana naye kwa simu mpaka sauti ikamkauka. Mwisho binti akasema sawa, atakuja Krismasi ajionee kwa macho yake. Hapo Borghild, kwa kukosa la kushika, akajisifu kwamba samaki wa Krismasi wa mwaka huu baba mtu anamtengeneza mwenyewe, kwa mkono wake, kama miaka yote. Njoo ule, alimwambia, halafu useme kama huyo ni mtu wa kutolewa kwake.

Na sasa samaki ndiye huyo, supu ya sabuni.

Aliinua macho kwenye boriti. Kwa miaka arobaini na sita Eilif aliandika pale kwa chaki: mstari mmoja kwa kila siku samaki mkavu anayolala kwenye maji matupu, msalaba mmoja kwa kila siku ya maji makali ya majivu yanayomlainisha, kisha mistari tena hadi majivu yote yamtoke. Siku za majivu zikipungua, samaki hatafuniki. Zikizidi, hafai hata kupewa paka. Mwaka huu iliandikwa mistari sita, ikafuatwa na misalaba minne. Hiyo misalaba Borghild hakuwa ameiona.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alishamtia samaki majivu, tena kwa siri. Siku ya kazi hiyo ilipofika, Eilif alikaa dirishani toka kahawa ya asubuhi hadi giza, kofia kichwani, haongei. Borghild hakutaka kumkumbusha. Mtu akikumbushwa kila kitu huanza kujiogopa, na hofu hiyo alishaiona machoni mwa mumewe, hakutaka kuiona tena. Akashuka mwenyewe, akachuja majivu ya kuni, akamaliza kazi. Siku tatu baadaye akamtoa samaki na kumrudisha kwenye maji safi. Boriti hakuigusa, maana aliona akichora tu, mzee atajua kwamba alisahau.

Kisha homa ikamwangusha kitandani siku nne. Eilif alimuuguza vizuri, supu kwa wakati, blanketi la pili miguuni, na kila jioni alimwambia, "Usijali habari za samaki, mama. Nimemshughulikia." Naye alilala akimshukuru Mungu.

Basi alimshughulikia kweli. Amesahau, Borghild alijiambia, ameniua kwa kusahau, na papo hapo akajichukia kwa kuliwaza hilo.

Alifanya kazi haraka, kama mwizi. Alibeba uozo ule kwa ndoo hadi nyuma ya zizi, safari tatu, akaufukia kwenye theluji iliyomfika magotini. Kunguru mmoja alitua, akachungulia, akaenda zake. Borghild akasugua pipa, akavaa koti, akamwambia mumewe anakwenda kununua siagi.

"Siagi ipo," Eilif alisema bila kuinua macho kwenye viazi.

"Imebaki kidogo."

"Haya. Usichelewe, theluji hii haina adabu."

Oddvar, jirani yao mwenye trekta la kusukuma theluji, alimpakia hadi dukani na kumsubiri. Duka lilikuwa linakaribia kufungwa. Kwenye friji ulibaki mfuko mmoja wa samaki wa kiwandani, tayari kwa kupikwa, mweupe, amekatwa vipande sawasawa. Borghild aliubeba ndani ya koti kama mtu anayeficha chupa, lakini Oddvar macho anayo.

"Mke wa Eilif anakula samaki wa mfuko," alisema, akicheka. "Nikilisema hili kanisani kesho, hata kwaya itanyamaza."

"Basi usiseme."

Alimtazama, na kicheko kikamwisha. Ni yeye aliyemwokota Eilif barabarani siku ile ya soksi. Aliendesha hadi getini, na Borghild aliposhuka akamwambia kwamba yeye hajaona kitu, theluji ilikuwa nyingi. Ule wema ulimuuma Borghild kuliko utani.

Mfuko aliuchoma kwenye jiko. Samaki alimtia ndani ya pipa la mumewe, akammiminia maji ya kisima, ili kesho Eilif amtoe kwa mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo ndiyo aliyotaka Torunn aione.

Na Torunn aliiona. Alifika mchana akiwa na theluji mabegani na uso uliochoka. Watoto wake hakuja nao; mwaka huu ilikuwa zamu ya baba yao, mtalaka wake, kukaa nao. Alimkumbatia mama yake, halafu akamkumbatia baba yake kwa tahadhari, akimchunguza kama daktari. Eilif alimwita kwa jina. Aliuliza habari za basi, akauliza kama bado anafanya kazi benki, na ndiko anakofanya. Borghild alisimama karibu na jiko akihesabu kimoyomoyo kila jibu sahihi, roho juu, mikono ndani ya aproni.

Saa kumi na moja kengele za kanisa zilivuka bonde, na sikukuu ikawa imeingia. Eilif alikuwa amevaa suti yake nyeusi. Torunn, kwa kutaka meza ipendeze, alipanga uma za fedha za bibi yake. Baba yake alizikusanya moja moja na kuzirudisha kabatini.

"Samaki huyu anaila fedha, inakuwa nyeusi," alisema. "Lete zile za chuma, mwanangu. Bibi yako angekuchapa."

Torunn alicheka, cheko la kweli, la kwanza tangu afike. Kisha Eilif akashuka chini na kupanda na sinia la samaki, hatua kwa hatua, hakumwaga tone. Alimtazama samaki kwa muda pale kwenye mwanga wa jikoni, kipaji cha uso kimekunjamana. Borghild alimpokonya sinia karibu kwa nguvu, akamtia samaki sufuriani.

Walikula. Palikuwa na viazi, mbaazi za kupondwa, mafuta ya nyama ya moto, mishumaa dirishani. Torunn alikula sahani nzima, akaongeza. Alisema ni mtamu, ni yuleyule wa utotoni. Akafuta mdomo, akamtazama mama yake, akasema polepole kwamba huenda aliharakisha. Angeweza kuwapigia simu halmashauri, akawaambia wasubiri mpaka majira ya joto.

Borghild alitamani kulia. Alijiona amekaa kwenye kiti hikihiki masika ijayo, madirisha wazi, mluzi ukitoka uani. Alinyoosha mkono kuchukua chumvi ambayo hakuihitaji.

"Huyu si samaki wangu," Eilif alisema.

Alikuwa ameweka uma chini. Hakukasirika. Alikuwa anatafuna taratibu, kama fundi anayepima kazi ya fundi mwingine.

"Baba, ni mtamu sana," Torunn alisema.

"Ni mtamu, ndiyo. Lakini hana majivu huyu, ametiwa dawa. Na mimi namkata mshazari, tangu mkiani. Huyu kakatwa na mashine." Alimtazama mkewe. "Mama, samaki wangu yuko wapi?"

Akasukuma kiti, akashuka chini kumtafuta.

Torunn alimgeukia mama yake, na ule uso uliochoka alioshuka nao kwenye basi ulikuwa umerudi. Swali lilikuwepo mezani kati ya viazi na mbaazi. Borghild aliliona jibu jepesi likiwa limekaa tayari ulimini: anachanganyikiwa, mwanangu, mwache, litapita. Torunn angeliamini. Lakini Borghild angekuwa amemfanya kichaa mtu aliyesema kweli, tena mezani kwake, tena usiku wa Bwana, na kwa neno hilohilo angekuwa ameitia sahihi barua. Na akisema kweli, je, si ataitia sahihi vilevile? Kote kuwili kulikuwa na ukuta.

"Yuko sahihi," alisema. "Ni wa dukani."

Akamwambia yote: dirisha, majivu ya siri, homa, pipa la sabuni, mfuko uliochomwa jikoni. Alisema haraka, macho kwenye sahani. Aliposema kwamba mzee alisahau akamtia samaki majivu mara ya pili, aliisukuma sahani kando. Torunn alikuwa anakunja kitambaa cha meza pembeni, anakikunjua, anakikunja.

"Mama, ungekuwa umemla yule, ungeungua koo," alisema mwishoni. "Na siku wewe ukilala na homa, na yeye akaacha jiko wazi?"

Kutoka chini ilisikika sauti ya maji yakimiminwa.

Walimkuta Eilif kwenye mwanga wa taa ya mkono, suti ya Krismasi imekunjwa mikono hadi kwenye viwiko. Alikuwa anajaza pipa. Ndani hamkuwa na samaki hata kipande, ila maji yalikuwa masafi, naye aliyamimina taratibu kando kando, jinsi anavyofanya siku zote ili vipande visivunjike. Torunn alibaki kwenye ngazi. Borghild alisogea hadi karibu na mumewe.

"Njoo uone hapa," Eilif alisema, akaweka kidole kwenye boriti. "Mistari sita. Ni yangu hii, mwandiko wangu. Hapa ilitakiwa misalaba ianze, hapakuandikwa kitu. Wewe ulikuwa unaumwa. Nikasema, basi hakuna aliyemtia majivu. Nikamtia." Kidole kikasogea hadi kwenye misalaba minne. "Siku nne, kwa sababu ya baridi. Nimekosea wapi?"

Borghild aliitazama boriti. Aliitazama nafasi tupu baada ya mstari wa sita, mahali ambapo yeye, kwa mapenzi, hakuchora kitu.

"Hukukosea," alisema. "Mimi nilimtia kabla yako. Sikuandika."

"Hukuandika?"

"Sikutaka ujue kwamba ulisahau."

Eilif aliondoa kidole kwenye boriti, akamgeukia. Hakuna hasira iliyoonekana usoni mwake. Ulikuwa mshangao, na nyuma ya mshangao ile hofu ambayo Borghild alikuwa anaikimbia vuli nzima.

"Najua kwamba nasahau, mama," alisema. "Ndiyo maana nakuja kusoma hapa. Nikiacha kuandikiwa hapa, nitashika nini?"

Borghild aliziba mdomo kwa aproni. Nyuma yake ngazi ililia. Torunn alikuwa ameshuka hatua moja na kusimama tena, mkono kwenye ukuta.

Eilif alipapasa mfukoni mwa suti, akatoa kipande cha chaki kifupi kama kucha, akamwekea mkewe kiganjani na kumfungia vidole juu yake.

"Haya, andika," alisema. "Leo tumemfikisha wapi?"

Borghild aliinua mkono hadi kwenye boriti. Chini yao maji yalikuwa bado yanatikisika ndani ya pipa tupu, yakirusha mwanga kwenye mbao, na Eilif alisubiri kwa uvumilivu, kichwa amekiinamisha kidogo. Chaki iligusa mbao ikatulia hapo. Kisha mwanga ukaongezeka. Torunn alikuwa ameshuka mpaka chini, ameichukua taa sakafuni, anamshikia mama yake aone pa kuandika.