Wasifu Wenye "Sisi" Nyingi

"Nikufute?" Harrison aliuliza, kidole kikielea juu ya kompyuta. "Mke wangu mwenyewe nimfute?"

"Nifute! Na watoto, na dini, na mwaka wa kuzaliwa. Unaomba kazi, huposi."

Rahab alivuta kiti, akaketi ubavuni mwa mumewe. Kiwanda kimoja cha Plymouth kilitafuta mtu wa kufundisha wafanyakazi usalama, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo. Harrison alisomesha kemia Nyeri kabla ya kuja Minnesota, Marekani, kuhudumia wazee, na kuinua wagonjwa kulikuwa kumemmaliza mgongo. Akiikosa nafasi hii, Jumatatu anarudi kuinua.

Lakini wasifu wenyewe! Kiingereza kilikuwa kimenyooka, ila kila sentensi ilianza na "sisi". Sisi tulifundisha. Sisi tulipunguza ajali.

"Sisi nani, Baba Bravin? Kwani mnaomba kazi kama kwaya?"

"Mtu hajisifu, Rahab. Kizuri chajiuza."

"Kikiwa kimefungiwa kabatini kitajiuza kwa nani? Nijibu: wale wahudumu wapya, nani aliwafundisha kuinua mgonjwa bila kuumia?"

"Tuli..."

"Nani?"

"Mimi," alisema, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Basi andika 'mimi'. Na ualimu uupandishe juu. Umeuzika huko chini kama marehemu, na ndio wanaoutafuta."

Harrison akaandika, kwanza kwa haya, halafu vidole vikashika kasi. Akaongeza hata maabara yake, ambamo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuungua. Rahab hakuwa amemwambia aongeze hilo. Kisha akasita ghafla kwenye mstari mmoja.

"Hapa hapana. Mwongozo wa kuinua wagonjwa niliuandika na Onesphore, yule mwenzangu Mkongo. Hapa ni sisi, na itabaki sisi."

Alilisema kwa sauti ya darasani, sauti ambayo Rahab hakuwa ameisikia tangu Nyeri. Mtu wa hivyo, hata yeye Rahab angemwajiri.

"Ibaki," alisema.

Harrison akasoma yote tangu juu, akakuna kidevu. "Nimpigie Mzee Eliakim wa kanisani aupitie kwanza?"

"Mzee Eliakim ndiye anayeumwa mgongo?"

Harrison alicheka, akabonyeza, akautuma.